Kutoka jaani hadi kwenye chaji: kupima, kutengeneza na kuuza vilivyotupwa

Vifaa vingi vya umeme hutupwa vikiwa vimekufa sehemu moja tu. Betri ya laptopu hukataa chaji kwa sababu jozi moja ya seli imechoka. Paneli ya sola hupoteza theluthi ya nguvu kwa ajili ya daiodi moja (kijisehemu kinachopitisha mkondo upande mmoja tu). Televisheni hubaki na sauti bila picha kwa sababu ya kitaa kimoja cha LED kisichofikia ukubwa wa ukucha. Kwa hiyo kazi ya mtu anayeishi kwa vilivyotupwa ni mbili: kuitafuta sehemu hiyo moja, kisha kuthibitisha kwa vipimo kwamba zilizobaki ni nzima. Wengi huifanya ya kwanza na kuikwepa ya pili. Mnunuzi akirudi baada ya wiki mbili na kifaa mkononi, chanzo huwa hapo.

Vyombo vya kuanzia si vingi. Multimita, mita ya kubana inayosoma mkondo wa DC, yaani wa betri na sola (nyingi husoma AC pekee, umeme wa ukutani, kwa hiyo hakikisha), chaja inayopima uwezo wa seli kwa mAh (miliampea-saa), kipimajoto cha kuelekeza, pasi ya lehemu, miwani ya kukinga macho, kalamu isiyofutika na daftari. Daftari ni chombo kama multimita. Seli isiyo na namba na kipimo kilichoandikwa inarudi kuwa takataka mara tu unapoichanganya na nyingine.

Jambo moja la usalama kabla ya bisibisi kugusa skrubu. Kapasita kubwa (kijisehemu kinachotunza chaji) ndani ya pawasaplai ya kompyuta, kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani, inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya plagi kuchomolewa. Itoe chaji kwa rezista ya kiloomu 10 ya wati 5, ushike kwa koleo yenye mpini wa kuhami, kisha pima tena kabla ya kugusa. Kupiga shoti kwa bisibisi kunarusha cheche na kunaharibu kapasita ambayo ungeiuza. Oveni ya maikrowevu ni habari nyingine kabisa: kapasita yake hufanya kazi kwenye volti zaidi ya 2,000 na inaua, na kauri za magnetroni yake (sehemu inayozalisha mawimbi) huweza kuwa na beriliamu oksidi, ambayo vumbi lake ni sumu ya mapafu. Asiyefundishwa aiuze nzima kwa uzito.

Seli za laptopu

Hapa ndipo penye thamani kubwa kuliko yote, na ndipo penye moto.

Pakiti ya laptopu ya mtindo wa zamani, ile inayochomolewa kwa nje, huwa na seli 4, 6, 8 au 9 za mviringo za aina ya 18650: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Ile ya seli 6 imepangwa jozi tatu kwa mfuatano (chanya ya moja kwa hasi ya inayofuata), ndiyo maana kibandiko chake husoma volti 10.8 au 11.1. Laptopu nyembamba zina seli bapa za mfuko laini. Hizo ziache. Zikitoka kwenye fremu yake hazina cha kuzikinga, huvimba, na hutoboka kwa urahisi.

Usiihukumu pakiti kwa kupima kwenye soketi yake. Bodi ya ndani ikigundua kasoro hujifunga, wakati mwingine kwa kuunguza fyuzi yake makusudi, na soketi itasoma sifuri huku seli zikiwa salama. Lazima ufungue upime kwenye seli zenyewe.

Ganda limebandikwa kwa gundi au kwa joto. Libane kidogo kwenye jiliwa kandokando ya mshono hadi uanze kupasuka, kisha ingiza kabari ya plastiki na uende nayo taratibu pembe hadi pembe. Usitumie bisibisi ya chuma, kwa sababu ikipenya nusu sentimita zaidi imeshatoboa seli. Ukisikia harufu tamu kama ya dawa ya kutolea rangi ya kucha, kuna seli inavuja. Acha kazi, toa pakiti nzima nje ya jengo, uiweke mbali na vitu vinavyoshika moto.

Seli zikionekana, kata ukanda mmoja wa nikeli kwa wakati mmoja. Koleo ikikata kanda mbili kwa pamoja inapiga shoti kati ya chanya na hasi. Kisha shika ncha ya ukanda kwa koleo yenye mdomo mwembamba na uuviringishe juu yake wenyewe. Nukta za weldi zitaachia moja moja. Ukiuvuta juu kwa nguvu unaweza kung'oa kipande cha kopo upande wa hasi, na seli hiyo imekwisha. Vibanzi vya nikeli vilivyobaki visage kwa tupa hadi kidole kipite bila kukwaruzwa, maana baadaye vitatoboa ganda la plastiki.

Chunguza kichwa cha chanya kwa makini. Kopo zima la seli ni hasi, kuanzia chini hadi ukingo wa juu unaozunguka kitufe cha chanya. Kati ya kitufe na ukingo huo pana milimita chache tu, na kinachozuia shoti ni pete ya karatasi pamoja na ganda jembamba la plastiki. Ganda likichanika, vua lote, weka pete mpya ya kuhami, uvishe ganda jipya na ulisinyaze kwa hewa ya moto. Seli yenye kutu kichwani, kibonyeo, au alama ya majimaji haifai kupimwa hata kidogo.

Kupima kunaanza na volti. Seli iliyokutwa na volti 2.5 au zaidi inaendelea. Kati ya 2.0 na 2.5, ianze kwa mkondo mdogo wa mA 100 hadi ifike volti 3.0, ukiwa karibu nayo. Chini ya 2.0, itupe. Najua inauma kuitupa seli inayoonekana mpya, lakini ikishuka sana na kukaa hivyo muda mrefu, shaba ya ndani huyeyuka ndani ya majimaji, kisha hujijenga upya kama vijiti vinavyotoboa kitenganishi, yaani utando unaotenga chanya na hasi. Seli ya namna hiyo inaweza kupokea chaji vizuri leo na kujipigia shoti baada ya miezi.

Zilizopita zichaji kwa ampea 0.5 hadi volti 4.2. Pitisha kipimajoto kila baada ya dakika chache. Seli nzima kwa mkondo huo hupata uvuguvugu tu; ikipita nyuzi 40 katika chumba chenye hali ya kawaida, iondoe. Vilevile iondoe ile inayokaa kwenye chaja saa nyingi ikiganda kwenye volti 4.1 na kitu bila kufika, kwa sababu inavuja ndani kwa ndani na nishati inageuka joto. Zilizojaa ziache zipumzike saa chache, kisha zitoe chaji kwa ampea 0.5 hadi volti 2.8. Namba ya mAh itakayotoka iandike kwenye seli yenyewe kwa kalamu.

Seli nyingi za laptopu zilipotoka kiwandani zilikuwa na mAh 2,000 hadi 2,600. Za juu zaidi zilifika 3,400 hivi. Iliyobaki na asilimia 80 ya uwezo wake wa awali ni ya kujengea benki ya sola, yaani betri kubwa ya kutunza umeme wa jua. Kati ya 60 na 80 inafaa tochi na redio. Chini ya hapo ni malighafi ya mchakataji. Kama chaja yako inasoma ukinzani wa ndani, seli inayozidi milioomu 100 usiiweke kwenye benki hata ikiwa na mAh nzuri. Itapata joto na volti yake itaporomoka mara mzigo unapoingia.

Jaribio la mwisho ni subira, na ndilo linalorukwa zaidi. Zijaze tena, pima baada ya siku moja, andika, kisha ziache siku 30 bila kuguswa. Iliyopungua zaidi ya volti 0.05 kati ya vipimo hivyo viwili inavuja. Ukiiweka kwenye kundi la seli 20 itazinyonya nyingine zote 19 usiku na mchana, na kundi hilo litakuwa nyuma ya mengine kila wiki hadi bodi ya BMS (inayosimamia na kulinda betri) ianze kukata umeme na mwenye mfumo aseme betri yote ni mbovu.

Kupanga benki

Kwa mfumo wa volti 12 seli hizi zina taabu: tatu kwa mfuatano hujaa kwenye volti 12.6 na inveta (kifaa kinachogeuza DC kuwa AC) hukata mapema, nne hufika 16.8 na vifaa vingine huungua. Volti 24 ndiyo inayokaa vizuri. Makundi 7 kwa mfuatano yana volti 25.9 za wastani na 29.4 yakijaa kabisa. Ukiweka seli 20 sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) katika kila kundi unatumia seli 140. Zikiwa na wastani wa mAh 2,000, benki ina Ah 40 (ampea-saa), yaani Wh 1,036 (wati-saa).

Uwezo wa makundi lazima ulingane. Panga seli zote kuanzia kubwa hadi ndogo, uzigawe kundi la kwanza hadi la saba, kisha urudi la saba hadi la kwanza, na kuendelea. Ukimaliza jumlisha mAh za kila kundi. Tofauti kati ya kundi kubwa na dogo isizidi asilimia 2. Badilishana seli mbilimbili hadi ufike hapo. Kabla ya kuziunganisha sambamba, hakikisha seli zote ziko kwenye volti moja, tofauti isizidi 0.05. Seli ya volti 4.1 ikigusana na ya 3.4, mkondo unaopita kati yake hauna cha kuuzuia isipokuwa ukinzani wao wenyewe.

Kila seli iwe na fyuzi yake. Uzi wa shaba wenye unene wa milimita 0.15 huyeyuka kwenye ampea 4 hadi 5 hivi, na unatosha upande mmoja wa seli. Maana yake ni hii: seli moja ikipiga shoti ndani, zile 19 za jirani zitaimiminia mkondo wote mara moja; uzi ukikatika, umepoteza seli moja badala ya benki. Kuunganisha kwenye seli kufanywe kwa mashine ya weldi ya nukta na utepe wa nikeli wa unene wa milimita 0.15. Pasi ya lehemu moja kwa moja kwenye kopo huunguza kitenganishi cha ndani hasa upande wa hasi, na madhara hayaonekani siku hiyo. Lehemu ifanyike kwenye nikeli, mbali na seli.

Mipangilio inayorefusha maisha: chaja kontrola ya sola (kifaa kinachosimamia chaji kutoka kwenye paneli) iwekwe kwenye volti 28.7, sawa na 4.1 kwa seli, na inveta ikate kwenye volti 21, sawa na 3.0. Seli za mtumba usizitake mkondo unaozidi ampea 0.5 kila moja kwa muda mrefu. Kwa benki ya mfano wetu hiyo ni ampea 10, yaani wati 260 hivi. Mnunuzi akitaka kuwasha pasi ya nguo, mwambie hapana. Mwongezee seli au mpe betri ya aina nyingine. Benki ikae kwenye sanduku la chuma lenye matundu ya hewa, nje ya chumba cha kulala, ikiwa na BMS ya seli 7 na fyuzi kuu ya DC karibu kabisa na ncha ya chanya. Ikishika moto, watu watoke kwanza kwa sababu moshi wake una sumu. Kinachopooza seli zinazowaka ni maji mengi. Mchanga huzuia tu moto usisambae.

Na usichanganye kamwe seli hizi na zile za lithiamu-chuma-fosfeti. Hizo ni za volti 3.2 na hujaa kwenye 3.65. Chaja ya 4.2 inaziua.

Paneli za sola zilizovuliwa mapaa

Paneli huvuliwa kwa sababu nyingi ambazo si ubovu: jengo limebomolewa, mfumo umepanuliwa, mvua ya mawe imepiga tatu na mwenye nyumba akabadilisha ishirini. Silikoni yenyewe huchakaa polepole, kwa kawaida kati ya asilimia 0.5 na 1 ya nguvu kwa mwaka, kwa hiyo paneli ya miaka 15 bado ina kazi kubwa mbele yake.

Ya seli 60 na wati 250 husoma volti 37 hadi 38 bila mzigo, hufanya kazi kwenye 30 au 31, na mkondo wake wa shoti ni ampea 8.5 hadi 9. Ipime adhuhuri ikiwa imeelekea jua sawasawa. Ikisoma karibu 25 badala ya 37, usihangaike na kioo. Theluthi moja imepotea, na ndani ya kisanduku cha nyuma mna daiodi tatu, kila moja ikisimamia seli 20. Mojawapo imepiga shoti. Funika paneli kwa kitambaa kizito, fungua kisanduku, pima daiodi moja moja kwa multimita: nzima inasoma volti 0.2 hadi 0.4 upande mmoja na wazi upande mwingine. Iliyokufa inasoma sifuri pande zote. Weka nyingine ya aina ya Schottky, volti 45, ampea 15, ukifuata mwelekeo wa mstari wake. Visanduku vilivyojazwa gundi ya silikoni huhitaji hewa ya moto na uvumilivu, na kama kuna paneli nyingine za kufanya, anza na hizo.

Volti ikiwa sawa bado hujamaliza. Nyaya nyembamba zinazounganisha seli zikiwa zimekatika nusu, volti bila mzigo itasoma vizuri kabisa na mzigo ukiingia inaanguka. Mzigo mzuri wa kupimia unapatikana kwenye magari yaliyokatwakatwa: balbu sita za halojeni za volti 12 wati 55. Ziunge tatu kwa mfuatano, tatu nyingine kwa mfuatano, kisha mistari hiyo miwili sambamba. Kwa paneli ya seli 60 kila balbu inapata volti 10 hivi na jumla ya mkondo inakaribia ampea 8.4, pale pale paneli inapotoa nguvu yake ya juu. Baada ya kuunga, subiri. Nyuzi baridi za balbu zina ukinzani mdogo sana, kwa hiyo volti huanza chini, balbu huwa nyekundu, kisha nyeupe baada ya sekunde kadhaa. Soma volti na ampea kwa pamoja, zidisha, linganisha na paneli unayoijua kuwa nzima katika dakika hizohizo. Jua likiwa hafifu balbu zitabaki nyekundu. Tumia mstari mmoja tu au ahirisha. Usishangae pia kupata chini ya kibandiko: kila nyuzi moja juu ya 25 hupunguza asilimia 0.4 hivi ya nguvu, na paneli juani hufika nyuzi 60 bila shida.

Wakati balbu zinawaka, pitisha kipimajoto upande wa nyuma. Seli moja iliyo moto kuliko jirani zake kwa nyuzi 20 au zaidi ni sehemu itakayoungua baadaye. Paneli hiyo usiiuze kwa ajili ya paa la nyumba.

Mwisho ni kuhami. Lowesha paneli, unga nyaya zake mbili pamoja, na kwa mega (kipima ukinzani wa kuhami) ya volti 500 pima kati ya nyaya hizo na fremu. Kanuni ya viwandani ni kwamba megaomu zikizidishwa na eneo kwa mita za mraba zisipungue 40. Kwa paneli ya mita 1.6 za mraba, hiyo ni megaomu 25. Iliyopasuka kioo huweza kuendelea kutoa umeme kwa miezi, na ndiyo maana watu huinunua, lakini maji yanapoingia fremu inakuwa na umeme. Siiuzi, na sioni sababu ya mtu mwingine kuiuza.

Viunganishi vya waya visivyolingana hata vikiingiana hupata joto na kuungua. Kata, weka jozi mpya ya aina moja. Usichomoe kiunganishi chochote mzigo ukiwa unapita. Cheche ya DC haizimiki yenyewe kama ya AC.

Mota zinazogeuka jenereta

Swali la kwanza ni kama mota ina sumaku za kudumu. Mota ya feni ya dari na ya pampu nyingi za maji hazina, na ukizizungusha hazitoi kitu. Alteneta ya gari hupendwa kwa sababu imejaa kila mahali, lakini kwa upepo ni chaguo baya: inahitaji mizunguko elfu moja na zaidi kwa dakika, na koili yake ya sumaku hula ampea 3 au 4 kabla hujapata chochote.

Swali la pili ni hesabu. Chukua mota ya mashine ya mazoezi ya kukimbia iliyoandikwa volti 130 kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika. Inahitaji mizunguko 46 kwa kila volti, kwa hiyo kufika volti 14 za kuchaji betri ni mizunguko 650 hivi. Rota ya upepo yenye kipenyo cha mita 2, ncha zake zikienda kasi mara sita ya upepo wa mita 5 kwa sekunde, huzunguka mara 287 tu kwa dakika. Mota itatoa volti 6 na betri haitachaji kamwe. Ama uweke puli na mkanda wa uwiano wa 1 kwa 3, ukikubali hasara ya msuguano, ama uipeleke mota hiyo kwenye maji yanayoporomoka, ambako kasi ni kubwa na haibadilikibadiliki.

Zinazofaa zaidi ni mota za mashine za kufulia zinazozungusha pipa moja kwa moja bila mkanda. Za Fisher & Paykel za New Zealand ndizo zinazojulikana zaidi kwa kazi hii. Aina ya zamani ina koili 42 katika fezi tatu (mistari mitatu ya umeme wa AC inayopokezana), 14 kwa mfuatano kila fezi, na zikiachwa hivyo hutoa volti nyingi mno kwa betri. Zigawe: mfuatano wa 7 mara mbili sambamba hupunguza volti kwa nusu, mfuatano wa 2 mara saba sambamba huileta kwenye sehemu ya saba. Hesabu koili: kila ya tatu ni ya fezi ileile. Ukigeuza koili moja kinyumenyume, utajua mara moja: rota itakuwa nzito kuzungusha kwa mkono hata bila waya wowote kuunganishwa nje, maana koili hizo zinapeana mkondo zenyewe. Usiendelee kabla hujaipata, zitaungua.

Umeme wa fezi tatu ugeuzwe DC kwa daraja la daiodi sita. Daraja la alteneta ya gari linafaa mfumo wa volti 12 pekee, kwa sababu daiodi za alteneta nyingi zimetengenezwa zifunguke volti ikipita kiasi cha gari. Kwa 24 nunua moduli ya ampea 35.

Tarajia nini? Rota ya mita 2 ina eneo la mita 3.14 za mraba. Kwenye upepo wa mita 5 kwa sekunde hewa inayopita ina wati 235, na mtambo wa nyumbani ukinasa robo yake umefanya vizuri: wati 59. Upepo ukiongezeka mara mbili nguvu huongezeka mara nane, hadi wati 470. Ndiyo sababu mahali pa kuusimika ni muhimu kuliko mota, na ndiyo sababu mtambo hauachwi bila mzigo. Betri ikijaa na kontrola ikakata, rota inapoteza kizuizi na kukimbia hadi mapanga yapasuke. Weka mzigo wa kumwagia, kwa mfano nyaya za hita zilizotolewa kwenye birika na majiko ya umeme, na swichi ya kuunganisha fezi tatu pamoja kama breki, itumike upepo ukiwa mdogo. Mapanga ya bomba la PVC yanatosha kwa majaribio. Jua huyafanya yawe makavu na kupasuka, kwa hiyo ya kuuza yawe ya mbao isiyo na fundo.

Vya kuuza haraka

Televisheni yenye sauti bila picha: zima taa za chumba, mulika tochi upande kwa upande kwenye kioo. Ukiona picha hafifu ikitembea, skrini ni nzima na tatizo ni taa za nyuma. Kwenye ukanda wa LED tafuta kitaa chenye doa jeusi katikati. Weka kingine cha volti ileile, 3 au 6, kisha punguza mwangaza kwenye mipangilio ili vilivyobaki visifuate. Skrini iliyopasuka haitengenezeki, lakini bodi na taa zake zinauzika.

Pawasaplai ya kompyuta iliyovimba kapasita hufufuka kwa kapasita mpya za nyuzi 105, maikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi. Unganisha waya wa kijani na mweusi iwake. UPS (kisanduku kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika) nayo hutupwa betri ikifa huku inveta yake ikiwa nzima. Lakini ilijengwa kufanya kazi dakika chache, haina feni ya kutosha. Ongeza feni na umwandikie mnunuzi theluthi ya wati za kibandiko.

Betri ya risasi inayosoma 10.5 baada ya kuchajiwa na kupumzika imepoteza seli moja kati ya sita. Hiyo haifunguliwi, haimwagwi asidi, wala risasi yake haiyeyushwi nyumbani. Iuze nzima kwa wenye leseni. Waya wa shaba nao menya, usichome: moshi wa PVC una dioksini, na shaba iliyoungua hushuka daraja kwa mnunuzi. Diski za kompyuta zifutwe kwa programu inayoandika juu ya data yote kabla ya kuuzwa, maana ndani mna maisha ya mtu.

Kila kinachotoka kiwe na kibandiko: tarehe ya kupimwa, kipimo chenyewe, kilichobadilishwa, na mzigo wa juu unaoruhusiwa. Kwa paneli andika wati ulizopima na joto lake wakati huo. Kwa benki ya seli ambatisha karatasi yenye mAh za kila kundi, ili fundi atakayeifungua baada ya miaka mitatu aone lipi limeshuka. Seli zilizofeli zifunikwe ncha zote mbili kwa tepu na zikae kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga, nje. Ndoo hiyo iende kwa mchakataji mwenye kibali kila inapofika nusu. Isisubiri kujaa.